"Kwangu inafanya kazi, kwao inagoma": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mifumo ya brauza kwenye kompyuta zenye ulinzi

Ukurasa huu ni wa mafundi na watengeneza mifumo wanaofunga mifumo ya brauza, yaani ile inayofunguliwa kama tovuti, kwenye zahanati, SACCOS, shule, maduka na ofisi za umma. Maswali ni yale ninayopigiwa simu kila wiki. Majibu yangu yana msimamo mmoja, na nauweka wazi mapema: sizimi ulinzi wa kompyuta ya mteja ili mfumo wangu upite. Karibu kila kizuizi kina njia yake halali, na mara nyingi njia hiyo ni fupi kuliko tunavyodhani.

Mfumo wa brauza si hausakinishwi? Kompyuta inauzuiaje?

Hausakinishwi, ni kweli, lakini unaishi ndani ya brauza, na brauza inaishi ndani ya Windows, Android au macOS. Kila tabaka lina mlinzi wake, na mfumo wako unapita mbele ya wote.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1996 Microsoft ilileta ActiveX, na ukurasa wa tovuti ukaweza kushusha kipande cha programu kikaendeshwa kwa mamlaka yote ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Enzi zile karibu kila mtu aliingia kama msimamizi, kwa hiyo ukurasa mmoja mbovu ulitosha kuchukua kompyuta nzima. Agosti 2004 ikaja Windows XP Service Pack 2, ikaanza kuuliza kwanza kabla ya kuruhusu. Chrome ikaziondoa programu-jalizi za mtindo wa zamani mwaka 2015, Firefox ikafuata 2017 ikibakiza Flash peke yake, na Flash nayo ikafika mwisho tarehe 31 Desemba 2020. Vizuizi unavyopambana navyo leo vimetokana na watu walioumia kweli.

Ofisi yetu ina mfumo wa zamani unaokubali Internet Explorer tu. Tufanyeje?

Internet Explorer 11 iliondolewa kwenye huduma tarehe 15 Juni 2022, lakini injini yake bado imo ndani ya Microsoft Edge kwa jina la IE mode, na Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi 2029. Mtumiaji akiiwasha mwenyewe kwa ukurasa mmoja, ruhusa hiyo hudumu siku 30 kisha hufutika. Ndiyo maana mnaona "imeharibika tena" kila mwezi. Njia ya kudumu ni faili la XML lenye orodha ya tovuti zinazohitaji IE mode, linalowekwa kwa sera ya ofisi, yaani mipangilio ambayo msimamizi huilazimisha kwenye kompyuta zote. Wekeni humo anwani ya mfumo huo mmoja tu, na huo muda uliobaki utumieni kuandika mfumo mpya.

Nitajuaje ni nani hasa anayezuia?

Anza kwa kusoma ujumbe wa kosa neno kwa neno. Mafundi wengi hunitumia picha ya skrini ambayo jibu limeandikwa hapohapo chini kwa herufi ndogo. Kosa linaloanza na NET::ERR_CERT linahusu cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho seva huionyesha brauza. ERR_BLOCKED_BY_ADMINISTRATOR ni sera ya ofisi. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT mara nyingi ni faiawoli (mlinzi anayechuja mawasiliano ya mtandao), au seva haifikiki kabisa.

Kisha andika chrome://policy au edge://policy kwenye sehemu ya anwani. Hapo utaona kila sera iliyowekwa kwenye brauza hiyo, na huhitaji nenosiri la msimamizi kuiona. Bonyeza F12 usome dirisha la Console. Mwisho, badilisha kitu kimoja kimoja: kompyuta ileile kwa intaneti ya simu yako, kisha mtandao uleule kwa laptopu yako. Dakika kumi za jaribio hilo zinakuokoa siku nzima ya kukisia.

Seva iko hapohapo ofisini, tunaifungua kwa http://192.168.1.10. Kila kitu kipo, ila kamera ya kusomea msimbo wa QR inakataa. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Brauza za leo haziruhusu kamera, maikrofoni, mahali ulipo, wala kufanya kazi bila mtandao kwa service worker (msimbo wa tovuti unaobaki ndani ya brauza), isipokuwa ukurasa umekuja kwa HTTPS, yaani njia iliyosimbwa na yenye cheti. Chrome ilianza kuikata kamera kwa kurasa za HTTP mwishoni mwa 2015, na mahali ulipo mwaka 2016. Anwani pekee inayosamehewa ni localhost, yaani kompyuta yenyewe. Ndiyo maana wewe mtengenezaji huoni tatizo kwenye laptopu yako: umejaribu kwa localhost, na mteja anafungua kwa 192.168.

Kuna kitufe kwenye chrome://flags cha kuifanya brauza iamini anwani ya HTTP kana kwamba ni salama. Kitumie mezani kwako unapojaribu. Usikiache kwenye kompyuta ya mteja, kwa sababu kwenye Wi-Fi ya ofisi ambayo kila mgeni anapewa nenosiri, manenosiri ya wahudumu yatakuwa yanapita wazi.

Njia ninayoitumia ni hii. Nunua jina la kikoa, hata la bei ndogo kabisa. Tengeneza jina kama mfumo.kikoachako na ulielekeze kwenye 192.168.1.10. Ndiyo, jina la hadharani linaruhusiwa kuelekea anwani ya ndani. Kisha omba cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa njia ya DNS, lile daftari linalogeuza majina kuwa anwani: badala ya wao kuja kugonga seva yako, wanakuomba uweke rekodi ya TXT kwenye kikoa chako kuthibitisha kuwa ni chako. Seva haifunguliwi kwa dunia hata kidogo, na cheti kinakubaliwa na simu zote za kisasa bila kugusa simu hata moja.

Mambo matatu yatakukwamisha ukiyasahau. La kwanza, cheti ni cha siku 90, kwa hiyo kihuishwe na programu. Usitegemee kumbukumbu yako, maana muda unazidi kubanwa: kuanzia 15 Machi 2029 hakuna cheti cha hadharani kitakachozidi siku 47. La pili, ruta nyingine hukataa majina ya nje yanayojibu anwani za ndani, zikidhani ni shambulio. Na intaneti ikikatika, jina halitapatikana kabisa japo seva iko chumba cha pili. Dawa ya yote mawili ni kuandika jina hilo kwenye DNS ya ruta yenyewe. Kwenye ruta za MikroTik ni mstari mmoja wa static DNS. La tatu, kila cheti cha hadharani huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Usiliite jina lako "kliniki-vvu-kata-fulani".

Hatutaki kununua kikoa. Je, tukijitengenezea cheti wenyewe?

Inawezekana, na kwa ofisi yenye kompyuta za Windows zilizounganishwa kwenye domain moja (usimamizi wa pamoja wa ofisi, si kikoa cha intaneti) ni kazi nyepesi: cheti mama, kile kinachothibitisha vyeti vingine, kinasambazwa kwa Group Policy, zana ya Windows ya kusambaza sera, na kompyuta zote zinakikubali usiku mmoja. Hakikisha cheti cha seva kina jina kwenye sehemu ya Subject Alternative Name. Tangu Chrome 58 ya 2017, jina lililowekwa kwenye Common Name peke yake halisomwi.

Ugumu unaanza kwenye simu. Tangu Android 11, cheti mama kinawekwa kwa mkono kupitia mipangilio ya usalama. Hakuna programu inayoweza kumsaidia mtumiaji. Kwenye iPhone unasakinisha wasifu (faili lenye cheti hicho), halafu unarudi kwenye General, About, kisha Certificate Trust Settings kuwasha imani, na hatua hiyo ya pili husahaulika karibu kila mara. Cheti cha seva nacho kisizidi siku 825, la sivyo Apple inakikataa. Zidisha hayo kwa simu 40 za wahudumu wa afya wa vijiji uone kama kikoa bado ni ghali. Na ufunguo wa cheti mama ukiibwa, mwizi anaweza kujifanya benki yoyote mbele ya kompyuta zenu zote. Mimi huufungia kwenye flashi isiyoguswa.

Mfumo unafungua vizuri wiki nzima, ila kila Jumatatu kompyuta moja inasema cheti si salama. Ni virusi?

Hapana. Angalia tarehe kwenye kona ya skrini.

Niliitwa kwenye zahanati moja kwa tatizo hilihili. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa inaonyesha tarehe 1 Januari ya miaka mingi nyuma. Muuguzi alikuwa mwaminifu sana: kila Ijumaa jioni anazima swichi ya ukutani kama alivyoagizwa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayotunza saa umeme ukiwa haupo. Ilikuwa imekufa. Siku za kazi saa ilishikiliwa na umeme wa ukutani, ila wikiendi ilipotea. Jumatatu brauza inaona cheti ambacho "bado hakijaanza kutumika", inakataa. Ilichukua bisibisi na dakika tano.

Kilichoniuma zaidi ni njia waliyojizoesha wakati wanasubiri fundi. Walikuwa wanabonyeza "Advanced" kisha "Proceed" kila Jumatatu, bila kusoma. Siku ambayo onyo lingekuwa la kweli, wangebonyeza vilevile. Kwa hiyo badilisha betri, washa kulandanisha saa kwa intaneti, na hakikisha poti 123 ya UDP, inayopitisha saa hiyo, haijafungwa kwenye ruta. Hakikisha pia saa za eneo ni UTC+3. Nimekuta mtu amerekebisha saa kwa mkono huku eneo likisoma Marekani, kwa hiyo kwenye skrini saa ni sahihi na mfumo bado unapotea kwa saa nyingi.

Simu hazifikii seva iliyo kwenye kompyuta ya Windows. Fundi mmoja alizima faiawoli na ikakubali. Kuna ubaya?

Upo, na iwasheni leo. Windows ikiunganishwa mtandao mpya huuchukulia kuwa wa hadharani, na kwenye mtandao wa hadharani inakataa wageni wote wanaogonga. Badilisha mtandao huo uwe Private, kisha fungua kanuni moja ya kuingia: TCP, poti 443 (mlango wa HTTPS), kwa vifaa vya mtandao huohuo wa ndani tu. Basi. Kama bado simu hazifiki, angalia ruta. Nyingi zina kipengele kinachozuia vifaa vya Wi-Fi kuonana, na huwa kimewashwa kwenye mtandao wa wageni.

Kwa wenye Mac: tangu macOS Sequoia ya 2024, kila programu inaomba ruhusa ya kufikia mtandao wa ndani, Chrome ikiwemo. Aliyebonyeza "hapana" siku ya kwanza hataona seva yako mpaka airuhusu kwenye Privacy & Security.

Tunataka risiti itoke moja kwa moja kwenye printa ndogo ya milimita 80 bila dirisha la kuchapisha. Brauza inakubali?

Inakubali, ila chagua njia kwa makini. Watu wengi hukimbilia WebUSB, njia ya brauza kuongea moja kwa moja na kifaa cha USB, iliyoko kwenye Chrome tangu 2017. Kwenye Android inafanya kazi vizuri. Kwenye Windows, printa ikishashikwa na draiva ya kawaida ya printa, brauza haiwezi kuigusa; itabidi ubadilishe draiva iwe WinUSB kwa programu kama Zadig, na ukifanya hivyo printa inapotea kwa programu nyingine zote. Nimeona duka limeshindwa kuchapisha ripoti ya siku kwa sababu hiyo. Na kwa iPhone usahau: Safari haina WebUSB wala Web Bluetooth.

Kwa dukani mimi naiweka printa kama printa ya kawaida ya Windows, nachagua karatasi ya 80, kisha natengeneza njia ya mkato ya Chrome yenye --kiosk-printing. Risiti inatoka bila kuuliza. Kuna mitego miwili. Chrome ikiwa tayari imefunguka kwa njia nyingine, maneno hayo ya ziada hayasomwi. Ifunge yote kwanza. Halafu zima kile kipengele cha Windows kinachojichagulia printa chaguo-msingi. Bila hivyo, karani akichapisha barua moja ya A4, risiti zote zinazofuata zitatoka kwenye printa ya A4, na foleni ya wateja iko mlangoni.

Tumeandika programu ndogo ya kusaidia mfumo kuongea na mizani au kisoma alama za vidole. Windows inasema mchapishaji hajulikani. Tuwaambie watumiaji wabonyeze "Run anyway"?

Msiwafundishe hivyo. Tieni saini programu yenu kwa cheti cha kusaini. Jueni tu kwamba tangu Juni 2023 ufunguo wa cheti hicho lazima ukae kwenye kifaa maalumu, si faili la kutumiana kwa barua pepe, na kwamba SmartScreen, mlinzi wa Windows anayetoa onyo hilo, inaweza kuendelea kutoa onyo kwa muda mpaka programu ipate sifa ya kutumika. Kwenye ofisi yenye msimamizi, mwachie yeye aisambaze kwa zana zake.

Swali kubwa zaidi ni programu hiyo inafanya nini ikishaingia. Mara nyingi inafungua seva ndogo ndani ya kompyuta, na ukurasa wako unaipigia kwa 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe. Lakini hata tovuti nyingine yoyote anayotembelea mtumiaji inaweza kujaribu kuipigia. Julai 2019 iligundulika kwamba Zoom iliacha seva ya aina hiyo kwenye Mac, ikibaki hata baada ya programu kuondolewa, na Apple ikalazimika kutuma sasisho la kimyakimya kuifuta. Yenu isikilize 127.0.0.1 peke yake, ikague kichwa cha Origin (kinachotaja tovuti iliyotuma ombi), na ikatae kila ombi lisilotoka kwenye anwani ya mfumo wenu.

Kuanzia Chrome 142 ya Oktoba 2025, brauza inamuuliza mtumiaji kabla ya ukurasa wa intaneti kufikia kompyuta yenyewe au mtandao wa ndani. Kama mfumo wenu "umekufa ghafla" tangu hapo, huenda mtu alibonyeza kukataa. Ofisini, sera ya LocalNetworkAccessAllowedForUrls inatoa ruhusa kwa anwani yenu tu. Na kabla ya yote hayo, jaribuni kama kifaa kinakubali Web Serial, njia ya brauza kuongea na vifaa vya waya wa serial. Iko kwenye Chrome na Edge za kompyuta tangu 2021, na mizani nyingi za waya wa serial zinaongea nayo bila programu ya ziada.

Data iliyoingizwa bila mtandao imepotea. Ilienda wapi?

Ilikuwa kwenye hifadhi ya brauza, na hifadhi hiyo si kabati la chuma. Sera ya ofisi inaweza kuamuru kila kitu kifutwe brauza inapofungwa. Simu ikijaa, brauza ina haki ya kufuta ili kupata nafasi. Safari, tangu Machi 2020, hufuta data ya tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za kutumia Safari, isipokuwa ameiweka tovuti kwenye skrini ya mwanzo. Na kuna ndugu anayeazimwa simu akasafisha "takataka" ili apate nafasi ya picha.

Mimi nilipoteza kazi ya siku mbili ya wahudumu wa kijiji kimoja kwa njia hiyo. Kaya walizotembelea kwa miguu ilibidi zitembelewe upya, na mimi ndiye niliyewaeleza. Tangu siku ile mifumo yangu inaomba hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(), inaonyesha kwa rangi nyekundu idadi ya rekodi ambazo hazijatumwa, na inazituma mara tu mtandao unapogusa, bila kungoja mtu abonyeze. Kama kazi ya uwandani inachukua wiki bila mtandao, brauza si chombo chake. Hata DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliuweka mtandaoni nchi nzima mwaka 2011, una programu yake ya Android kwa ajili ya kukusanya data mbali na mtandao.

Hatuna nenosiri la msimamizi. Tunaweza kuweka mfumo kama programu yenye alama yake kwenye skrini?

Kwa kawaida ndiyo. Mfumo uliotengenezwa kama PWA (tovuti inayoweza kuwekwa kama programu) husakinishwa ndani ya akaunti ya mtumiaji kupitia Chrome au Edge, hauombi nenosiri la msimamizi. Laptopu za bei nafuu zenye Windows ya S mode (inayokubali programu za duka la Microsoft tu) hazikubali Chrome, ila Edge imo na PWA inafanya kazi humo. Hakuna haja ya kutoka S mode, na ukitoka huwezi kurudi. Ofisi ikiwa na AppLocker (zana ya Windows ya kuamua programu zipi ziruhusiwe), Chrome iliyosakinishwa na mtumiaji mwenyewe itazuiwa kwa sababu inakaa AppData, folda ya mtumiaji mwenyewe. Omba iwekwe kwenye Program Files.

Kompyuta zetu ni Windows 7. Tuziache?

Chrome ya mwisho kwake ni 109, ya Januari 2023. Usiuingize mfumo wenye taarifa za wagonjwa au fedha humo. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Edge itaendelea kusasishwa juu yake angalau hadi Oktoba 2028. Kwa kompyuta isiyokubali Windows 11, Linux yenye brauza mpya inatosha kabisa, maana mfumo wako ni wa brauza. Kwa simu, Chrome mpya zinataka Android 10 au zaidi tangu Agosti 2025. Uliza matoleo ya simu kabla hujaandika mkataba.

Nimwandikie nini afisa TEHAMA wa ofisi ya mteja?

Usimwandikie "naomba uruhusu mfumo wetu". Hajui aruhusu nini, na akiwa makini atakataa. Mwandikie anwani kamili ya mfumo, poti 443 peke yake, orodha ya ruhusa za brauza unazohitaji na sababu ya kila moja ("kamera: kusoma QR ya kadi ya mwanachama"), toleo la chini la brauza, na majina ya sera unazoomba kama WebAppInstallForceList (inayosakinisha mfumo kwa kila mtumiaji) kwa anwani hiyo. Mweleze data inakaa wapi na ikizimwa intaneti inakuwaje. Ukurasa mmoja unatosha. Mpe pia kompyuta moja ya majaribio kwa wiki moja kabla ya kuweka ofisi nzima, na namba ya simu ambayo utapokea siku ya kwanza saa mbili asubuhi.